Hesabu ya Masinia: Madaftari ya Harusi Mbili za Nyumbani Kwetu

Nyumbani kwetu Fuoni, Unguja, daftari la shughuli ninalishika mimi. Sikupewa kazi hiyo kwa kuwa nina elimu ya fedha. Nilipewa kwa sababu kazini natunza stoo ya skuli, na mama yangu anaamini kwamba mtu anayeweza kuhesabu maboksi ya chaki bila ya kupotelewa hata na moja hawezi kushindwa na hesabu ya sahani. Hadi sasa nimeshika madaftari mawili makubwa: la harusi ya mdogo wangu wa kike mwaka 2017, na la harusi ya kaka yetu mdogo mwaka 2023. La kwanza lilituachia deni lililotuchukua zaidi ya mwaka kulimaliza, na la pili lilifungwa likiwa na shilingi 155,000 zilizobaki. Kwa kuwa kila posa inapoingia katika nyumba ya jamaa huulizwa tulifanyaje, nimeona niyaandike yote mawili, na nianze na lile la aibu.

Mwaka 2017 tulikuwa upande wa mke. Siku tuliyokaa kupanga, mkononi tulikuwa na shilingi 4,200,000, na chini ya hapo nikaandika ahadi za ndugu na jamaa zilizofikia 2,600,000. Nikazijumlisha, nikapata 6,800,000, nikazipigia mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu, na kuanzia siku hiyo kila mtu nyumbani akawa anasema tuna milioni saba kasoro kidogo. Hatukuwa nazo. Tulikuwa na milioni nne na laki mbili pamoja na maneno mazuri. Ami yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alikuwa ameahidi 1,500,000 peke yake, na sina shaka kwamba aliahidi kwa moyo safi, lakini mwezi ule ule mkataba wake ukamalizika, na badala ya kutuma pesa akarudi mwenyewe na begi moja. Nani angemdai? Katika ahadi zote zile zilizoingia ni 700,000. Matumizi, nilipoyajumlisha wiki moja baada ya harusi huku mikono yangu ingali na piko, yalikuwa 9,350,000.

Tangu hapo daftari langu lina safu mbili zisizokutana, moja ya pesa iliyo mkononi na nyingine ya pesa iliyoahidiwa, na ununuzi wote hufanywa kwa ile ya kwanza tu. Ahadi ikitimia, huhamishwa. Pesa za kutunza, zile ambazo wageni humwekea bi harusi au humpa mama yake mkononi, siziandiki popote, kwa sababu ni hiba kwa wenyewe, na anayezipangia matumizi kabla hazijatolewa amekwishaanza kuwahesabia wageni wake mifuko yao.

Hata hivyo, ahadi zilizoanguka hazielezi upungufu wote, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kilichotuangusha hasa ni chakula, na katika chakula kilichotuangusha ni jinsi nilivyohesabu watu. Nilikuwa nimeandika mialiko 120, nikakadiria watu wawili na nusu kwa kila mwaliko, nikapata watu 300, nao kwa sinia la watu watano ni masinia 60. Hesabu ile ingempendeza mwalimu yeyote. Lakini kwetu mtu hamwaliki mtu, anaalika nyumba. Mwalishi anapobisha hodi na kusema kwamba nyumba ya fulani inawaita siku ya Jumapili, huwa amemwita baba, mama, mkwe anayekaa chumba cha nyuma, watoto wote, na mgeni aliyekuja jana kutoka Makunduchi. Halafu kuna masinia ambayo hayana wageni kabisa, na haya sikuyaandika hata moja: sinia la wapishi wenyewe, la wapiga dufu, la somo anayemfunda bi harusi, la jirani mgonjwa asiyeweza kutoka, la bibi wa mtaa wa pili ambaye asipopelekewa chakula itakuwa maneno hadi mwaka ujao, la vijana waliobeba viti. Nilipoyahesabu baadaye yalikuwa 14.

Saa tano asubuhi, siku ya walima, yaani karamu ya harusi, mpishi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa mzee wa Jang'ombe aliyepikia shughuli kabla mimi sijazaliwa, amefunga shuka kiunoni, na macho yamemwiva kwa moshi wa kuni. Alinionyesha masufuria kwa ncha ya upawa, akaniuliza nimewaalika watu wangapi, nikamjibu mia tatu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, usinihesabie watu. Nihesabie masinia." Kisha akanitajia kwa vidole: hao waliokwishakaa chini ya turubai, hao waliosimama kwa jirani, na hao ambao bado wako njiani, maana watu wa mjini huja baada ya adhuhuri. Tulituma kijana kwa pikipiki kununua nyama kwa bei yoyote atakayoambiwa, na polo jengine la mchele likachukuliwa kwa mkopo dukani. Mwisho wa siku yalitoka masinia 97.

Pengo lililobaki lilikuwa shilingi 4,450,000, na namna tulivyoliziba ndiyo sababu ya kuliita daftari lile la aibu. Shilingi 2,050,000 zilikuwa deni la dukani na la kukodi ukumbi wa shughuli ya wanawake, ambalo tulililipa kidogo kidogo kwa miezi 14. Shilingi 900,000 zilitokana na bangili moja ya mama, ambayo aliipeleka mwenyewe kwa sonara asubuhi moja bila ya kumwambia mtu. Niligundua nilipomwona anachuja tui na mkono wake wa kushoto una alama nyeupe pale bangili ilipokaa miaka ishirini na zaidi. Shilingi 1,500,000 zilizobaki tulizikopa katika mahari ya bi harusi. Yaani tulimkopa bi harusi ili kuwalisha wageni wa harusi yake. Yeye alikubali, lakini ni msichana gani aliyekaa ndani na singo ya urembo mwilini, siku tatu kabla ya harusi, angeweza kukataa anapoombwa na wazee wake? Aya ya nne ya Suratun Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na inaruhusu kuliwa kile tu walichokitoa wao kwa kuridhika nafsi zao. Ridhaa inayoombwa wakati turubai limeshafungwa mimi siiiti ridhaa. Tulimrejeshea zote, lakini ilikuwa mwaka 2019 tulipomaliza, na alikuwa na mtoto tayari.

Kwa hiyo, mwaka 2023, kaka yangu alipokuja kusema kwamba amempata mchumba Wete, Pemba, nilimwomba mama tukae kikao kabla ya tarehe kutajwa mbele ya mtu yeyote. Kwa desturi tarehe hutajwa kwanza, na pesa hutafutwa kuifuata tarehe, na huko ndiko kunakozaa mikopo. Tarehe yenyewe ina bei yake. Ramadhani hatuoi, kwa hiyo Shaaban huwa na harusi nyingi za watu wanaotaka kuwahi, na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, huwa na nyingi zaidi za waliosubiri, na katika miezi hiyo mpambaji, mpishi, turubai na ukumbi hupatikana kwa taabu na kwa bei ya mwenye navyo. Sisi tulipendelea Mfungo Pili. Baba mkwe, kwa upole mkubwa, akatuma ujumbe kwamba karafuu zishuke kwanza. Mtu wa mjini angeweza kuona kwamba anatuchelewesha, lakini kwa familia ya Pemba yenye mikarafuu, msimu ndio mshahara, tena mshahara usiotabirika, kwani mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kubania mwaka mwingine. Kumwozesha binti kabla ya kuchuma ni kumwozesha kwa deni. Tulikubaliana mwishoni mwa Novemba, katika Mfungo Nane, na miezi ile ya ziada ikatufaa hata sisi, kwa kuwa zamu ya kaka yangu katika upatu wa kazini ilikuwa Oktoba.

Jambo la pili tulilolifanya ni kuwauliza wakwe zetu, kupitia mshenga, wao wanakusudia kufanya nini, ili pande mbili zisifanye jambo moja mara mbili. Kusema kweli hili lilitaka ulimi mzuri, kwa sababu kuuliza gharama za mtu ni kama kumfunulia chungu chake. Lakini tulipata jibu zuri: wao wangesimamia nikaha na shughuli ya wanawake kule Wete, na sisi tungesimamia walima Fuoni bi harusi atakapoletwa. Nalo lilikubaliana na dini, maana Mtume alipomwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, alikuwa akimwambia mume aliyeoa. Desturi yetu ndiyo iliyomtwika baba wa binti masinia mia.

Mahari na kitanda kaka alivilipa mwenyewe kwa akiba ya miaka miwili, na havikuingia katika daftari langu, nilikataa visiingie. Kilichoingia kilikuwa hiki. Chakula cha walima 2,900,000. Safari ya Pemba, yaani nauli za meli kwenda na kurudi pamoja na magari kutoka Mkoani hadi Wete kupitia Chake Chake, 1,450,000. Begi la bi harusi, lenye doti za khanga, nguo, viatu, manukato na udi, 1,100,000. Turubai, viti na vyombo vya kukodi, 550,000. Nguo za bwana harusi 300,000, joho likiwa la kukodi, kwani joho huvaliwa saa mbili tu. Sehemu yetu ya nikaha, pamoja na kahawa na halua, 250,000, na mpiga picha kiasi hicho hicho. Jumla ni 6,800,000, na juu yake tukaweka akiba ya 700,000 ambayo ufunguo wake alikuwa nao mama peke yake. Akiba hiyo niliipigania. Ami yangu alisema kwamba kuweka pesa ya balaa ni kulialika balaa, nami nikamjibu kwa adabu kwamba mwaka 2017 halikualikwa na bado lilikuja.

Safari ndiyo iliyotugombanisha zaidi. Orodha ya kwanza ya watu wa kwenda kuoa, aliyoitoa mama kichwani bila ya kupumua, ilikuwa na watu 54. Nikamwandikia nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, nikamzidishia mbele yake, nikamsukumia daftari. Hakusema kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja na watu 18, na karibu na majina ya waliotolewa alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kuinamia, nani atakwenda kuwaeleza. Jina lake lilikuwa mbele ya yale magumu yote. Nadhani ile ndiyo kazi kubwa iliyofanywa katika harusi nzima, kuliko yangu ya kujumlisha, kwa sababu bajeti ya harusi haivunjwi na bei ya nyama; huvunjwa na uso wa mtu ambaye hakuna aliye tayari kumwambia hapana.

Kuhusu chakula, nilirudi kwa mzee yule yule wa Jang'ombe, na safari hii nilikwenda na kalamu. Kipimo chake cha biriani, kwa sinia moja la watu watano, ni kilo moja ya mchele, kilo moja na robo ya nyama, na nusu kilo ya vitunguu maji, kwa kuwa biriani isiyo na vitunguu vingi, kwa maneno yake, ni wali uliotiwa rangi. Tulikuwa tumepanga masinia 80, yakiwemo 12 yasiyo na wageni, na kwa hiyo nikaandika mchele kilo 80, nyama kilo 100, vitunguu kilo 40, kisha samli, mafuta, mtindi, thomu, tangawizi, nyanya, zabibu, bizari na kuni. Bei niliziacha wazi. Huu ni ushauri ambao ningempa kila mtu: andika kiasi kwanza, na nafasi ya bei ijaze wiki yenyewe ya ununuzi, baada ya kupita masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, kwa sababu bei ya nyama na vitunguu hubadilika, lakini tumbo la mgeni halibadiliki. Vitu vinavyokaa, kama mchele, samli na bizari, tulivinunua mapema. Tulichobadilisha pia ni mwaliko. Tuliendelea kualika nyumba, maana sina ubavu wa kuigeuza Unguja, lakini kila mwalishi alirudi na idadi ya watu wazima waliomo katika kila nyumba aliyobisha, nami nikaandika idadi hiyo badala ya kukisia.

Shughuli ya wanawake sikuisimamia safari hii, kwa hiyo nitaipita haraka, isipokuwa kwa jambo moja ambalo halimo katika daftari la mtu yeyote, nalo ni sare. Kitambaa cha sare hakilipwi na mwenye harusi. Kila mwanamke hujinunulia na kujishonea, na ndiyo maana sisi huona kwamba ni bure. Lakini nilipojumlisha sare ya mama, yangu, za dada zangu wawili na binti yangu, kwa siku mbili, pamoja na fundi, nilikuta nyumba yetu peke yake imetumia zaidi ya pesa zote za turubai na viti. Nimependekeza sare iwe moja kwa harusi nzima. Pendekezo lilipokelewa kwa kicheko, na bado halijajibiwa.

Mwezi ule wa Novemba ulikuwa wa El Niño, na vuli ilinyesha kama masika. Usiku wa kuamkia walima mvua ilianza saa nane na haikusita. Alfajiri nilitoka nje nikakuta turubai limeshiba maji katikati, limeshuka kama tumbo la ng'ombe, na vijana wawili wamesimama juu ya viti wanalisukuma kwa miti ya mafagio ili maji yamwagike pembeni; yalipomwagika yaliangukia juu ya kuni. Mama alikwenda chumbani, akarudi na bahasha. Shilingi 220,000 zilikodi turubai zito la plastiki na kununua kuni kavu, 125,000 zikalipa gari la kuhamisha viti na mikeka kupeleka madrasa ya jirani, ambako wanaume walikula, na 200,000 zikanunua nyama na mchele wa ziada, kwa kuwa watu waliotoka Pemba na bi harusi walizidi idadi tuliyoambiwa. Walikula wote. Yalitoka masinia 87, na mzee wa Jang'ombe hakuniita nyuma ya nyumba hata mara moja.

Matumizi yote yalikuwa 7,345,000. Mama alichukua zile 155,000 zilizobaki na kumnunulia ami yangu wa Muscat kanzu, kwa sababu ambazo hakunieleza.

Mstari wa mwisho wa daftari umeandikwa siku nne baada ya walima, tuliporejesha vyombo: masinia mawili hayakuonekana, fidia 30,000, nimelipa mimi. Moja nililiona mwaka uliofuata jikoni kwa halati yangu, limepangwa mikate ya mofa, na alama ya rangi ya bluu ya mwenye kukodisha ikiwa bado iko ukingoni. Nilikula mkate, nikamshukuru, nikarudi nyumbani.